JIWE KUBWA KWENYE FIGO: USIKIMBIE KISU, SIKU HIZI WANACHIMBA DUARA

Bugarama jiwe halimtishi mtu. Watu wanaamka nalo, wanalipiga kwa moko na nyundo, wanalisaga kwenye karasha, wanaliosha, halafu wanakaa macho usiku kucha wakisubiri litoe chochote. Lakini kuna jiwe moja ambalo likitajwa kijiweni, hata yule mshikaji mwenye kifua kama mlango wa ghala ananywea. Ni jiwe la ndani ya figo.

Nasema Bugarama, na najua ziko zaidi ya moja. Ninayoizungumzia ni hii ya Msalala, wilaya ya Kahama, mkoa wa Shinyanga, jirani kabisa na mgodi wa Bulyanhulu. Lakini kama uko Kakola, Nyarugusu, Katoro, Geita mjini au hata Mbagala, usigeuze ukurasa. Figo ni zile zile, na jiwe halina kabila.

Kinachowatisha watu, ukichunguza vizuri, si jiwe. Ni kisu. Kila kijiwe kina hadithi ya mjomba wa fulani aliyepasuliwa ubavu, kutoka mgongoni mpaka mbele karibu na kitovu, akalala wodini siku na siku, akarudi nyumbani hawezi kuinua hata ndoo ya maji. Kwa mtu anayekula kwa mgongo wake, hiyo ni hukumu. Asiposhuka duarani hana mgawo, na asipopata mgawo mwenye nyumba hataki kujua habari za figo.

Basi anajikaza. Anameza vidonge vya maumivu kila jioni, anakunywa mizizi, anaongezea na bia mbili "za kusukuma", anasema litatoka lenyewe.

Msomaji wangu, habari ya wiki hii ni kwamba ile hadithi ya mjomba imepitwa na wakati. Jiwe kubwa la figo linaweza kutolewa kupitia tundu dogo mgongoni, lenye upana usiozidi kidole, na mgonjwa akainuka kitandani kesho yake. Anayeendelea kujikaza kwa kuogopa kisu cha zamani anaweza kupoteza figo kwa kitu ambacho kilikuwa na njia nyepesi ya kutoka.

JIWE LINATOKA WAPI?

Usiniambie umemeza mchanga kwenye dagaa. Mchanga wa dagaa unaishia chooni kwa njia nyingine kabisa.

Figo ziko mbili, kila moja ina urefu wa sentimita kama 10 mpaka 12, zimekaa nyuma, chini ya mbavu, moja kila upande. Kwa siku moja zinachuja majimaji kama lita 180 kutoka kwenye damu, kisha zinarudisha karibu yote mwilini na kubakisha lita moja na nusu au mbili hivi zitoke kama mkojo. Ndani ya mkojo huo kuna chumvi za kila aina ambazo mwili hauzitaki.

Sasa angalia birika la chai ambalo mama ntilie amechemshia maji mwaka mzima. Ndani kuna ukoko mweupe umegandamana. Maji yalipungua, chumvi ikabaki, ikashikana. Kwenye figo ni hivyo hivyo. Mtu anashuka duarani asubuhi, kule chini kuna joto, hewa haba, jasho linamwagika kama mvua, na maji aliyobeba ni chupa moja ya watu watatu. Anapanda jioni, anakojoa kidogo, mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Mkojo mzito namna hiyo ndiyo ukoko unapoanzia. Punje moja, kesho nyingine, mwakani jiwe.

Usidhani ni ugonjwa wa wachimbaji peke yao. Dereva wa bodaboda anayeshinda juani yumo. Mama ntilie anayesimama motoni kutwa yumo. Dada wa dukani anayeogopa kunywa maji kwa sababu choo cha pale sokoni kinatisha, naye yumo.

Mawe mengi yanatokana na kalisiamu iliyoshikana na kitu kinachoitwa oksaleti. Mengine yanatokana na asidi ya yuriki, ambayo inapanda kwa walaji wa nyama choma kila siku. Mengine yanajengwa na bakteria wa maambukizi ya mkojo yanayojirudia, na hayo huwapata zaidi akina mama. Hilo la bakteria ndilo hatari kwa ukubwa: linakua likijaza vyumba vya ndani ya figo, likitoa matawi kila upande, mpaka kwenye picha linaonekana kama pembe za paa. Jiwe la namna hiyo halitatoka lenyewe hata ungekunywa ziwa zima.

DOGO LINA KELELE, KUBWA LIMENYAMAZA

Hapa ndipo wajanja wengi wanapopotea maboya.

Jiwe dogo, la milimita nne au tano, ndilo lenye fujo. Linateremka kutoka kwenye figo, linaingia kwenye mrija unaopeleka mkojo kwenye kibofu, na mrija huo ni mwembamba, milimita tatu au nne tu. Likikwama humo, mwanaume aliyezoea kubeba kiroba cha kifusi analia kama mtoto. Maumivu yanaanza ubavuni, yanashuka kwenye kinena, kwa wanaume mpaka kwenye korodani. Yanakuja kwa mawimbi. Anahangaika kitandani, akikaa hapati nafuu, akisimama hapati, anatapika. Lakini mara nyingi jiwe la ukubwa huo linatoka lenyewe kwa maji, dawa na subira.

Jiwe kubwa, la sentimita mbili na kuendelea, halina hata pa kuteremkia. Ni sawa na basi la Mwanza litake kupita kwenye mlango wa choo. Kwa hiyo linakaa pale pale ndani ya figo, limetulia. Unasikia uzito tu ubavuni, kama umelalia upande vibaya. Siku nyingine mkojo una damu kidogo, siku nyingine hakuna kitu. Unasema, "Aa, nimepona."

Hujapona. Kama jiwe limeziba njia, mkojo unarudi nyuma na figo inavimba kama puto. Ikiachwa hivyo wiki na miezi inakufa taratibu, bila kupiga kelele. Wako watu wanaoambiwa na mpimaji wa altrasaundi kwamba figo moja imebaki gamba, na wao walidhani maumivu yalikwisha kwa sababu ya dawa ya yule mzee wa pale gulioni. Maumivu yalikwisha kwa sababu figo ilikwisha.

Utasema, si nina nyingine? Kweli, figo moja inaweza kumbeba mtu mpaka uzeeni. Lakini mwili uliotengeneza jiwe kulia unaweza kutengeneza na kushoto. Na figo zote zikigoma, kinachofuata ni mashine ya kusafisha damu, kawaida mara tatu kwa wiki, saa nne hivi kila safari. Tanzania ilianza kupandikiza figo Muhimbili mwezi wa Novemba 2017, na Dodoma, hospitali ya Benjamin Mkapa, mwezi wa Machi 2018. Ni jambo la kujivunia. Lakini waulize wanaosubiri kama ni mchezo kupata ndugu wa kukupa figo.

KICHOCHO, GONO AU JIWE?

Kanda ya Ziwa tuna tatizo letu la ziada. Mtu akikojoa damu huku, jirani ana jibu tayari. Mzee atasema ni kichocho, kila mtoto wa kiume alikipata akiogelea kwenye lambo. Washikaji watacheka, watasema ni gono, "umechukua kule mjini." Na mwingine atanong'ona kwamba kuna mtu amekuwekea kitu kwa sababu duara lako limeanza kutoa.

Kichocho kipo kweli, na Shinyanga kinajulikana sana. Gono nayo ipo. Lakini damu kwenye mkojo inaweza pia kuwa ya jiwe, au ya uvimbe kwenye kibofu, na huwezi kuzitofautisha kwa kuangalia rangi. Tena kichocho cha miaka mingi kinaweza kuacha makovu kwenye mirija ya mkojo, mkojo ukatuama, na penye mkojo uliotuama jiwe hujipatia makao. Kwa hiyo unaweza kuwa na vyote viwili kwa mpigo.

Dawa yake ni kupima. Kipimo cha mkojo kipo mpaka kwenye zahanati. Altrasaundi inaona jiwe na inaona kama figo imevimba, haichomi, haina mionzi, ni ile ile wanayopimia wajawazito. Eksirei inaona mawe mengi, ila ya asidi ya yuriki yanaipiga chenga. Mwamuzi wa mwisho ni siti-skani, inayoyaona karibu yote na kuonyesha ukubwa, mahali na njia ya kuyafikia.

Na kuna hali moja ambayo haingojei kesho. Ukiwa na maumivu ya ubavu pamoja na homa na kutetemeka, au mkojo umekata kabisa, panda gari lolote lililopo uende hospitali. Hiyo inaweza kuwa figo iliyozibwa ikiwa na usaha, na sumu yake ikiingia kwenye damu inaweza kuua. Hapo daktari haanzi na jiwe. Anaanza kwa kuweka mpira wa kutoa usaha, jiwe litashughulikiwa baadaye.

SHIMO LA WAZI NA DUARA

Haya, twende kwenye ishu yenyewe. Na kwa vile tuko nchi ya dhahabu, nitakueleza kwa lugha ya dhahabu.

Kuna namna mbili za kuufuata mwamba. Ya kwanza ni shimo la wazi, kama mgodi wa Geita ulivyoanza mwaka 2000: unabomoa kilima chote, unahamisha udongo mpaka ukutane na mali. Ya pili ni ya chini kwa chini, kama Bulyanhulu iliyoanza uzalishaji mwaka 2001: juu unaona mlango tu, kazi yote iko mamia ya mita chini ya ardhi.

Upasuaji wa zamani wa jiwe la figo ulikuwa shimo la wazi. Ngozi inachanwa sentimita 15 au 20, misuli inakatwa, wakati mwingine kipande cha ubavu kinaondolewa, figo nayo inapasuliwa, ndipo jiwe litolewe. Mali ilipatikana, lakini kilima kilibomolewa.

Njia ya sasa ni duara. Mgonjwa analazwa, anapigwa nusu kaputi. Kwanza daktari anapitisha kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo na kuacha kijimpira kinachopanda mpaka kwenye figo. Kupitia mpira huo anasukuma dawa ya rangi ili vyumba vya figo vionekane kwenye mashine ya eksirei. Kisha mgonjwa anageuzwa, mara nyingi alale kifudifudi.

Sasa anachora njia. Kwa kuangalia eksirei au altrasaundi anaingiza sindano ndefu mgongoni, chini ya mbavu, mpaka ifike kwenye chumba hasa chenye jiwe. Hapa ndipo ufundi ulipo. Ni kama yule mzee wa duara anayejua kusoma mkanda: akikosea pembe mnachimba mwezi mzima mnakutana na mwamba mtupu. Daktari akikosea pembe anaweza kugusa mshipa wa damu.

Sindano ikifika, inapitishwa waya laini. Waya ndiyo kamba ya duara, kila kitakachoshuka kinafuata humo. Juu ya waya tundu linapanuliwa kidogo kidogo mpaka lifike milimita nane au kumi, kisha linawekwa bomba la kushikilia kuta zisirudi. Hayo ndiyo matimba yetu. Siku hizi yapo na matundu madogo zaidi, ya milimita tano au sita.

Kupitia bomba hilo inashuka kamera yenye taa, na figo inaonekana kwenye luninga kama uko ndani ya pango. Jiwe lile pale, limekaa kama bosi. Linaletewa karasha: chombo kinacholigonga kwa hewa, au cha mawimbi ya sauti, au mwanga wa leza. Linapasuka vipande. Maji yanapitishwa muda wote kuosha, koleo ndogo inapandisha kifusi. Mwisho figo inakaguliwa kona zote, na mara nyingi kunaachwa mpira wa kutolea mkojo kwa siku moja au mbili.

Wengi wanakaa hospitali siku mbili mpaka nne. Kazi nyepesi unaweza kurudia baada ya wiki moja au mbili. Kushuka duarani na kubeba viroba, subiri mpaka daktari akuruhusu, kawaida ni wiki kadhaa. Kidonda chenyewe utakificha kwa kidole gumba.

Na hapa nina neno. Mnakumbuka mwaka 2017, nchi nzima ilivyosimama kwa ajili ya makinikia ya Bulyanhulu na Buzwagi? Kamati zikaundwa, mchanga ukapimwa, kila mtu akawa mtaalamu. Basi na wewe usikubali makinikia ya figo yako yatupwe hivi hivi. Omba yapelekwe maabara. Yakijulikana ni ya aina gani, ndipo daktari atajua akuzuie vipi usirudie.

WALIOANZISHA DUARA

Kabla ya hapo mambo yalikuwa mazito. Yule Mwingereza Samuel Pepys, aliyesifika kwa kuandika shajara yake London, alitolewa jiwe la kibofu mwezi wa Machi 1658, bila nusu kaputi kwa sababu ilikuwa haijavumbuliwa. Alipona, akaliweka jiwe lake, na akawa anajitahidi kufanya sherehe kila mwaka siku ile ikifika. Ungekuwa wewe usingefanya?

Mwaka 1955, Willard Goodwin na wenzake huko California, Marekani, waliandika jinsi ya kuingiza sindano kupitia mgongo na kutoa mkojo kwenye figo iliyoziba. Mwaka 1976, Ingemar Fernström na Bertil Johansson wa Uswidi wakaripoti wagonjwa watatu waliotolewa mawe ya figo kupitia tundu lililotengenezwa makusudi kwa kazi hiyo. Watatu tu! Miaka ya 1980 ikaja na kamera bora, na John Wickham wa London akawa mmoja wa waliopigia debe falsafa nzima ya kuponya mtu bila kumchana sana.

Wakati huo huo, mwezi wa Februari 1980 huko Munich, Ujerumani, Christian Chaussy na wenzake wakamtibu mgonjwa wa kwanza kwa mashine inayopiga jiwe kwa mawimbi kutoka nje ya mwili, bila tundu lolote. Nayo ipo mpaka leo. Hapo ndipo wengi wanapochanganya madawa: mtu ana jiwe la sentimita tatu, anasikia kuna mashine ya kuvunja bila kupasua, anaitaka hiyo hiyo. Mawimbi, pamoja na kamera ya leza inayopitia njia ya mkojo, ni chaguo zuri kwa mawe yasiyozidi sentimita mbili. Likizidi hapo, chaguo la kwanza ni duara la mgongoni. Ukivunja jiwe kubwa kwa mawimbi, kifusi chote kinashuka kwa wakati mmoja kwenye mrija wa milimita nne, na unajua mwenyewe foleni itakavyokuwa.

SI MAZINGAOMBWE

Nisije nikakuuzia mbuzi kwenye gunia. Huu bado ni upasuaji, na figo ni ogani iliyojaa damu.

Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 5,800 waliofanyiwa njia hii katika vituo 96. Karibu robo tatu waliondoka bila jiwe kubaki. Mmoja kati ya kumi hivi alipata homa. Karibu sita kati ya mia waliongezewa damu. Wachache, chini ya wawili kati ya mia, walipata maji kifuani, kwa sababu figo imepakana na sehemu ya chini ya mapafu. Na jiwe lile la pembe za paa linaweza kuhitaji matundu mawili, au kurudi mara ya pili.

Ndiyo maana kabla ya siku yenyewe utapimwa damu, utapimwa kama figo inafanya kazi, na mkojo utaoteshwa maabara. Ukikutwa na bakteria unatibiwa kwanza. Kama unatumia aspirini au dawa yoyote ya kulainisha damu, sema. Na kama unatumia mizizi, sema pia! Usimwonee daktari aibu. Hakupeleki polisi, anataka ajue damu yako itaganda vizuri.

SAFARI YA KUTOKA BUGARAMA

Utaanzia zahanati au kituo cha afya, uende hospitali ya Kahama, upewe barua ya rufaa. Kwa Kanda ya Ziwa, rufaa kubwa ni Bugando, Mwanza, ambayo ipo tangu 1971. Mwaka huo huo ilifunguliwa KCMC, Moshi, ambako kuna taasisi ya magonjwa ya njia ya mkojo iliyowafundisha mabingwa wengi wa ukanda huu. Muhimbili nayo ipo, na Benjamin Mkapa. Usifuate kibao cha barabarani kilichoandikwa "tunayeyusha mawe siku saba".

Ukifika mbele ya bingwa, usikae kama uko kwenye usaili wa kazi. Uliza. Jiwe langu lina milimita ngapi? Figo hiyo bado inafanya kazi kiasi gani? Hapa mnatoa kwa tundu au mnapasua? Kama mnapasua, nani anatoa kwa tundu mnipe rufaa? Jumla ni shilingi ngapi pamoja na vipimo, na bima yangu inalipa kipi? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, lakini kadi yako wewe ndiyo ya kuulizia pale dirishani. Na kama huna kitu kabisa, mtafute afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujatoroka wodini. Kazi yake ni pamoja na watu kama wewe.

Najua nauli, chakula na ndugu wa kukuuguza ni pesa. Lakini piga hesabu ya upande wa pili: vidonge vya kila jioni, mizizi, siku ambazo hukushuka, na mwisho wake figo. Vile vidonge vya maumivu, diklofenaki na jamaa zake, daktari anaweza kukupa kwa siku chache ukizidiwa. Ukijipa mwenyewe miezi sita mfululizo, vinaisaidia kazi ile ile ya jiwe: kuimaliza figo.

LISIRUDI TENA

Waliotoa jiwe, karibu nusu wanaweza kupata lingine ndani ya miaka kumi kama hawatabadilisha kitu. Kwa hiyo sikia.

Maji, maji, maji. Mtu wa kawaida anywe lita mbili na nusu mpaka tatu kwa siku, na anayetoka jasho aongeze. Kipimo ni mkojo wako: uwe mweupe au njano hafifu. Ukiwa wa chai ya rangi, kunywa. Kila mtu ashuke na chupa yake, habari ya chupa moja watu watatu iishe. Bia si maji. Inakukojoza tu.

Punguza chumvi, na hapo nawasema wanaonyunyizia chipsi kama wanapanda mbegu. Nyama kwa kiasi. Kamulia ndimu au limao kwenye maji, maana ndani yake kuna kitu kinachozuia chumvi zisishikane. Na usiache maziwa kwa kusikia kwamba jiwe ni kalisiamu! Ni kinyume. Ukila mchicha, karanga au viazi vitamu pamoja na maziwa, kalisiamu inaikamata oksaleti tumboni kabla haijafika kwenye figo. Michembe na matobolwa na bakuli la maziwa ya mgando: wazee wa Kisukuma walikuwa na hesabu zao.

Kwa hiyo wewe ngosha unayesoma huku umeshika ubavu, ukisema ni baridi ya usiku: unajua kabisa si baridi. Duarani ukisikia mwamba unalia huwa hungoji uanguke ndipo uulize, unapanda juu kwanza. Ubavu wako nao umelia. Panda gari, kapige altrasaundi wiki hii, halafu uje tubishane kijiweni ukiwa na majibu mkononi.